Mia na tisa nyuma ya fleti

Kila Jumamosi asubuhi, kabla jua halijaufikia ua wetu wa Kariokor, mama wa ghorofa ya pili hushuka na beseni la nguo na kuniuliza swali lile lile: "Baba, leo hilo dubwana lako litatema moshi saa ngapi?" Nikimwambia hatuwashi, huanika mashuka. Nikimwambia tutawasha, huanika soksi na kanga za zamani, mashuka yakarudi ndani. Mapatano hayo yalitugharimu shati moja jeupe la shule, lililorushiwa matone ya oili mwaka juzi yasitoke hata kwa kuchemshwa. Shati nililinunua jipya, na tangu siku hiyo ratiba ya injini hupitia kwake kwanza.

Dubwana lenyewe ni Land Rover Series III, ile ndefu inayoitwa mia na tisa, kwa sababu kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni inchi 109. Ndogo yake ni themanini na nane. Yangu imekaa juu ya stendi nne katikati ya kamba za nguo na tangi la maji, boneti iko wazi, magurudumu mawili yameegemezwa ukutani. Niliinunua kwa jirani aliyestaafu akarudi kwao mashambani, naye alipoondoka aliniachia pia jeki isiyopanda na ndoo ya nati zilizochanganyikana. Watoto wa ua huwa na mchezo wao: mmoja huleta sumaku iliyong'olewa kwenye spika mbovu, kisha wote hubishana ni wapi itashika. Mlangoni haishiki. Kwenye boneti haishiki. Ubavuni huteleza na kuanguka. Lakini ukiiweka chini ya kioo cha mbele, kwenye ule ukuta unaobeba usukani na pedali, hunata kwa kishindo, na mtoto aliyetabiri hivyo hupewa kiti cha dereva na ruhusa ya kushika mkono mwekundu na kifundo cha manjano, vile vya kuita magurudumu yote manne yavute pamoja.

Sumaku yao inasimulia historia nzima. Vita Vikuu vya Pili vilipokwisha, chuma kilikuwa kwa mgao Uingereza, na kampuni ya Rover ya Solihull haikuwa na cha kutosha kutengenezea magari yake ya kifahari. Aluminiamu ilikuwa tele, maana viwanda vilikuwa vimezoea kutengeneza ndege. Mhandisi mkuu wao, Maurice Wilks, alikuwa na shamba kisiwani Anglesey, na shambani alikuwa akitumia Jeep ya Wamarekani iliyobaki vitani. Mwaka 1947, ufuoni mwa Red Wharf Bay, alichora kwenye mchanga gari la shamba ambalo kampuni ingeweza kulitengeneza yenyewe. Gari la kwanza la majaribio lilijengwa juu ya chesi ya Jeep, usukani ukawekwa katikati kama wa trekta. Tarehe 30 Aprili 1948 Land Rover ikaonyeshwa hadharani Amsterdam, ikiwa na mwili wa aluminiamu na rangi ya kijani.

Nalitaja hili mapema kwa sababu litakuja kunisuta mbeleni. Gari ambalo wapenzi wake leo wanalilinda kama mswaki wa nabii lilianza likiwa Jeep ya mtu iliyokatwa na kuungwa upya.

Kariokor nayo ilipata jina lake kutokana na mizigo. Kati ya 1914 na 1918, Waingereza walipokuwa wakimfukuza Jenerali von Lettow-Vorbeck kutoka Taveta hadi ndani ya Msumbiji, lori zilizama kwenye tope la masika na mbung'o wakaua farasi, nyumbu na maksai kwa maelfu. Kilichobaki ni kichwa na mabega ya mtu. Jeshi la wapagazi liliitwa Carrier Corps. Kambi yake Nairobi ilikuwa hapa, na ulimi wa wenyeji ukalifanya jina hilo Kariokor. Dar es Salaam ulimi ule ule ukatoa Kariakoo. Makumi ya maelfu ya wapagazi hawakurudi, wengi zaidi wakiuawa na kuhara, malaria na njaa kuliko risasi. Mmoja wao amesimama kwa shaba kwenye mnara wa Kenyatta Avenue, pamoja na askari, tangu 1928. Kwa hiyo nikilala chali chini ya gari lililobuniwa kupita pasipo na njia, kwenye mtaa ulioitwa kwa watu waliobeba mizigo kwa kuwa magari yalishindwa kupita, huwa nacheka peke yangu na grisi inaniingia mdomoni.

Si kila mtu hapa anaipenda Land Rover, au Landi kama tunavyoiita. Kwa mtoto wa Eastlands wa miaka ya themanini, Landi ilimaanisha serikali. Ilikuwa na namba za GK, turubai nyuma, na mngurumo ambao wauza chang'aa waliutambua kutoka vichochoro vitatu mbali. Mitungi ilimwagwa kabla gari halijakata kona. Julai 7, 1990, siku ya Saba Saba, watu walipokuwa wakielekea kwenye mkutano wa kudai vyama vingi uwanjani Kamukunji, hapa chini tu, kilichowatangulia ni hizo Landi. Mzee mmoja wa mtaa bado huvuka upande wa pili wa njia akipita yangu. Sijawahi kumuuliza kwa nini.

Nyingi ya hizo za serikali ziliunganishwa hapa nchini, Thika, katika kiwanda cha Leyland Kenya kilichoanzishwa 1974 na ambacho leo kinaitwa KVM. Zilipochoka ziliuzwa kwenye minada ya serikali, zikaenda kubeba miraa, maziwa, mbuzi, wanakwaya na maiti. Nyingine zipo Samburu hadi leo, zikipanda kwenda Baragoi na watu juu ya paa. Na kwa kuwa sheria haituruhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, kundi hili halizai: Landi kuukuu za Kenya ni zile zilizokuwa tayari nchini. Ikifa moja, zilizobaki hula viungo vyake.

Fundi wangu ni mzee wa Ziwani aliyefanya kazi kwenye karakana ya serikali mpaka alipostaafu. Mimi nina miaka 51 na yeye huniita kijana. Hana haraka. Akifika, hukaa kwanza kwenye kreti ya soda, akanywa chai yake na kulitazama gari kimya, kama mtu anayesubiri lijieleze lenyewe. Siku ya kwanza kabisa hakuuliza kuhusu injini. Alichukua nyundo ndogo, akaingia chini, akaanza kuigonga chesi kuanzia mbele. Ngi, ngi, ngi. Kisha, karibu na gurudumu la nyuma la kushoto: pu. "Hapa," alisema.

Chesi ya Landi ni boksi refu la chuma lililo tupu ndani. Maji na udongo huingia kupitia matundu, vikakaa, na kutu huanza kula kutoka ndani, ambako jicho halifiki. Nje rangi inang'aa. Ndani ni kama mkate uliovundika. Tulipoikwangua sehemu ile iliyosema pu, bisibisi ilipenya bila kusukumwa. Tulikata kipande chenye urefu wa mkono, tukakata bati nene la saizi hiyo, na kijana wa kuchomelea akaja na mashine yake usiku, kwa maana mchana ikiwaka taa za ghorofa nzima hufifia na simu za malalamiko huanza. Baada ya hapo Mzee alimimina oili chafu ndani ya chesi kupitia kila tundu alilolipata. Mama wa ghorofa ya pili aliliona dimbwi lake asubuhi. Hayo ni mengine.

Aluminiamu haishiki kutu, lakini ina ugonjwa wake. Pale inapogusana na chuma na maji yakapita katikati, huoza ikawa unga mweupe, mithili ya chokaa. Ukifungua bolti za ubavuni, unga huo humwagika kiganjani. Dawa ni kuzitenganisha metali hizo mbili. Mzee alinituma sokoni Kariokor, kwa wale mafundi wa akala wanaokaa wakichonga matairi makuukuu kuwa viatu, nikanunua vipande vya tyubu. Tulivikata kwa mkasi, tukaviweka kila mahali mlango, bati na chuma vinapokutana. Sasa gari langu limefungwa kwa raba ile ile inayotembea miguuni mwa nusu ya wateja wa nyama choma ya Jumapili. Kuna Landi Uingereza zenye vipuri vya asili kwa kila kiungo, zimepigwa picha kwenye majarida. Sidhani kuna hata moja yenye tyubu za Kariokor.

Aluminiamu ina ugonjwa mwingine, wa mjini. Mafundi wa jua kali wa Kamukunji na Gikomba huyeyusha vyuma hivyo vyepesi wakavimimina kuwa sufuria. Usiku mmoja kifuniko cha tangi la mafuta na kipande cha ubavu viliondoka. Nilijua vimeenda wapi. Nilichoshindwa kujua ni kwa jiko la nani. Serikali ilipopiga marufuku biashara ya vyuma chakavu Januari 2022, baada ya watu kung'oa minara ya umeme, nililala usingizi mzuri kwa miezi michache. Mei ikafunguliwa tena, nami nikanunua mnyororo.

Kuhusu vyombo, ushauri wangu kwa anayetaka kuanza ni mmoja: usianze na spana za Toyota. Nati nyingi za Landi hizi ni za inchi. Spana ya milimita 13 huvaa nati ya nusu inchi, na hapo ndipo msiba ulipo, kwa sababu nusu inchi ni milimita 12.7. Ule upenyo mdogo unatosha. Ukivuta kwa nguvu, spana huteleza, nati hulika kona ikawa mviringo, na kazi ya dakika mbili inageuka ya saa mbili, na patasi na matusi. Seti yangu ya inchi niliiokota kipande kwa kipande Kirinyaga Road, ambako wazee bado wanaita Grogan, kwa jina la yule Mwingereza aliyesafiri kutoka Cape hadi Cairo kati ya 1898 na 1900, mizigo yake ikiwa juu ya vichwa vya watu. Kutoka kwangu ni mwendo wa kushuka tu, na kila duka lina mtu anayejua mtu mwenye kipuri chako.

Anajua pia mwenye feki. Duka moja, silitaji, liliniuzia raba za silinda za breki zikiwa kwenye pakiti ya kuvutia yenye stempu ya kung'aa. Wiki tatu baadaye zilikuwa zimevimba kama maandazi, breki zikashika zenyewe katikati ya mzunguko wa Kariokor, saa kumi na mbili jioni. Matatu za Eastleigh zilinipigia honi mpaka nikasahau jina langu. Tangu hapo, kipuri cha breki hakiingii gari langu kabla Mzee hajakinusa. Simaanishi kukitazama. Hukinusa.

Sasa nije kwenye ugomvi wetu, maana mimi na Mzee tunao, na haujaisha.

Injini ya petroli ya Series III ina sisi 2,286 na hunywa lita moja kwa kilomita tano au sita. Oktoba 2023 lita ya petroli Nairobi ilifika shilingi 217 na senti 36. Piga hesabu ya kwenda Naivasha na kurudi. Ndiyo maana wenye Landi wengi wamezing'oa injini hizo wakatia dizeli za Isuzu, za Nissan au za Toyota zilizotoka kwenye pikapu zilizoanguka. Injini moja ya Kijapani iliyotumika, vipande viwili vya chuma vya kuishikilia, bamba la kuiunganisha na giaboksi ya Mwingereza, na mtu anarudi barabarani. Ukifanya hivyo, namba ya injini kwenye logibuku haitalingana na iliyo chini ya boneti, na usipokwenda NTSA, mamlaka ya usafiri, gari likaguliwe na badiliko liandikwe, siku ya kuuza utaonekana mwizi.

Nilipoanza, msimamo wangu ulikuwa wa mtakatifu: hakuna Isuzu itakayoingia humu. Mzee alisubiri nimalize, akaniuliza kama najua jeshi la Australia liliendesha Land Rover gani. Sikujua. Nilipokwenda kusoma, nikakuta Landi zao za 110, zile walizoziita Perentie, zilitoka kiwandani na injini ya dizeli ya Isuzu. Nikamkumbuka Wilks na Jeep yake. Nikanyamaza.

Lakini kunyamaza si kukubali yote. Kuna Landi Nairobi ambazo zimefanyiwa ukatili: paa limekatwa kwa grinda ili ziwe za pikniki, chesi imefupishwa kwa kukisia, ubavu umetobolewa ili spika zipate pa kukaa. Nimejiwekea kanuni yangu, nayo ni hii: geuza unachotaka, mradi atakayekuja baada yako aweze kukigeuza tena kwa spana. Kama kimefungwa kwa bolti, karibu. Kama kimekatwa kwa grinda, fikiria mara tatu. Taa za kisasa, alternata kubwa, mikanda ya usalama, viti vya gari lingine, hata hiyo Isuzu yao ikikaa kwenye vishikio vya bolti bila kukata chesi, sina neno. Zamani nilikuwa nikiwacheka wanaofunga bomba refu la hewa kando ya kioo, la kuvukia mito, kwenye gari ambalo mto wake mkubwa ni Ngong Road. Baada ya mafuriko ya Aprili 2024 nimeacha kucheka.

Mzee anaona kanuni yangu ni ya mtu aliyeshiba. "Kijana," aliniambia siku moja akifuta mikono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono, "yule mwenye Landi wa Maralal, huko Samburu, akikata, anakata kwa sababu mbuzi hawaingii. Ile gari inampikia. Wewe yako unaipikia." Nilitafuta jibu hadi jioni. Bado natafuta. Hata Arusha, Oktoba 2024, Land Rover zilipokusanyika kwa mamia mjini kujaribu kuvunja rekodi ya dunia, kwenye video nilizoziona zilizonivutia zaidi hazikuwa zile zilizopakwa rangi juzi. Zilikuwa zile zenye mabonde ubavuni, kamba badala ya kitasa, na dereva anayeonekana kuwa na shughuli nyingine mchana.

Petroli yangu nimeibakiza, walau kwa sasa, na kwa sababu ambayo si ya kanuni: napenda kuirekebisha. Jumamosi iliyopita ilikuwa zamu ya tapeti. Injini ina valvu 8, na kila moja inahitaji mwanya mdogo kati yake na mkono unaoisukuma. Mwanya ukizidi, injini hupiga kelele kama cherehani. Ukipungua, valvu haifungi sawasawa nayo huungua. Kipimo ni sehemu kumi kati ya elfu za inchi, yaani robo ya milimita, na hupimwa kwa kipande chembamba cha chuma tunachokiita fila. Lakini huwezi kupima valvu yoyote upendavyo. Lazima iwe imefunga kabisa. Utajuaje?

Mzee alimwita kijana wa jirani, wa darasa la saba, akamwekea hendeli mbele, ile inayopita kwenye tundu la bampa. Kwanza alimfundisha kushika: kidole gumba kikae upande mmoja na vingine, kisizunguke, kwani injini ikirusha hendeli nyuma, gumba linabaki huko. Gia huru. Plagi nje, injini ikawa nyepesi. "Zungusha polepole mpaka nikwambie."

Valvu zilipanda na kushuka. "Simama. Ipi imelala kabisa, imefunguka mpaka mwisho?"

"Ya nane."

"Toa kwenye tisa."

"Moja."

"Pima ya kwanza."

Ndivyo inavyokwenda yote. Ikilala ya sita, pima ya tatu. Ikilala ya nne, pima ya tano. Kila mara jumla ni tisa, kwa sababu ya jinsi mihimili ya injini hii ilivyopangwa na silinda zinavyofuatana kuwaka, ya kwanza, ya tatu, ya nne, ya pili. Kijana alitabasamu alipoigundua siri hiyo kabla Mzee hajaitaja, kisha akataka kujua kwa nini mwalimu wa hesabu hakuwahi kuwaonyesha injini. Mzee alimpa fila ashike mwenyewe. Inapaswa kuteleza kwa kusitasita, alimwambia, kama unavyovuta karatasi kutoka chini ya kitabu kizito. Kijana alivuta, akarudia, akavuta. Akafunga nati, na fila ikabana. Akalegeza. Akaanza upya. Hakuna aliyemharakisha.

Saa kumi na moja na nusu mawingu yalikuwa yameshikana juu ya Pumwani. Tone la kwanza liliangukia kifuniko cha karabureta, la pili likaanguka kwenye roka zilizokuwa wazi, na mama wa ghorofa ya pili akatokea mbio akiyavua mashuka kwenye kamba, mawili mawili, mengine mabegani. Mzee alishusha turubai juu ya injini. Tulikuwa tumepima saba kati ya nane. Kijana alitafuta chaki mfukoni, hakuipata, akaokota kipande cha plasta kilichoanguka ukutani, akaandika ubavuni mwa gari, kwa herufi kubwa: 2 IMELALA. Kisha akasita, akahesabu kwa vidole, na chini yake akaongeza: KESHO 7.